Ukungu Tulioufuga Mlowo

Baba yangu alikuwa Lazaro Nzowa, mkulima wa kahawa na ulezi, na mama yangu alikuwa Elizabeti, binti wa Halinga. Wote wawili walizaliwa Isansa na wakaoana hapohapo. Mimi, Raheli, nilizaliwa Isansa wakati wa kuchuma kahawa, na mama alinibeba mgongoni katikati ya mibuni kabla sijajua kukaa. Shule sikuingia. Haya yanaandikwa na mjukuu wangu Tumaini. Maneno ni yangu, mkono ni wake. Nimemwagiza asiyapambe, na pale asiposikia aulize, asibuni.

Ninataka vijana waijue kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu, nayo ni kuilinda mizizi ya mazao yanayolimwa bila udongo, kwa kutumia ukungu badala ya sumu. Mtu akiisikia kwa mara ya kwanza hucheka. Hilo halinikasirishi, kwa kuwa nasi tulipoisikia tulicheka.

Nilikuwa mjane mwenye wajukuu wa kulisha niliposikia kwamba shamba moja karibu na Mlowo linatafuta kina mama wa kuhudumia nyanya. Nilidamka, nikajifunga kitenge, nikaweka jembe langu begani kama afanyavyo mtu yeyote mwenye akili anayekwenda shambani. Mlangoni nilipokewa na Msimamizi, mtu wa Mbebe kule Ileje, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio mlima wa pili.

"Shikamoo, mama. Hilo jembe unakwenda nalo wapi?"

"Marahaba. Nimekuja kulima."

"Humu?" Akasukuma mlango wa nailoni. "Karibu. Ukiuona udongo, uniite na mimi niutazame."

Kweli udongo haukuwapo. Ndani ya kitalu nyumba kile, au grinihausi kama tulivyozoea kuiita, sakafu yote ilikuwa imetandikwa turubai. Nyanya zilisimama katika mifuko mirefu iliyolazwa kama mito ya kitandani, na ndani ya mifuko mlikuwa na makumbi ya nazi yaliyosagwa, yaliyoletwa kwa lori kutoka pwani. Wenyewe huyaita kokopiti. Kokopiti hushika maji na kuruhusu hewa, lakini haina chakula. Chakula cha mmea huyeyushwa ndani ya tangi, kisha hupita katika mipira myembamba na kudondoka tone kwa tone penye kila shina. Maji yanayobaki hukusanywa na mfereji, yakarudi tangini na kuanza safari upya. Niliegemeza jembe ukutani, nikapewa kamba na klipu, nikafundishwa kuzifunga nyanya zipande juu badala ya kutambaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza.

Sababu ya kuukimbia udongo ilikuwa ugonjwa. Udongo wa eneo lile ulikuwa umejaa mnyauko, na Mwenye Shamba alishauriwa aachane nao. Tulidhani tumeuacha ugonjwa nje ya mlango. Baadaye nilipohamishiwa kwenye kitalu cha miche, na kutoka hapo kwenye tangi la maji, ndipo nilipoelewa kwamba ugonjwa una miguu mingi. Huja na kiatu, huja na sinia la miche lisilooshwa, na zaidi ya yote huja na maji. Na kwa kuwa maji yetu yalizunguka, mmea mmoja ukiugua, yote iliyokuwa kwenye mfereji ule ilikunywa kutoka kikombe chake.

Dalili zake nizieleze, maana hazijabadilika. Miche midogo hukatika shingo ikalala. Huo huitwa kinyausi. Mmea mkubwa hunyauka saa za jua kali, jioni ukasimama tena, nawe ukafurahi bure. Siku zinavyokwenda, jioni nayo huukuta umelala. Ukiung'oa, mizizi ni ya kahawia, na ukiuvuta mmoja kwa vidole ganda la nje huvuka lote, ukabaki na uzi mkononi. Mzizi uliofika hapo hauponi.

Tulipambana kwa sumu. Tulimimina, ugonjwa ukatulia, halafu ukarudi ukiwa umeota meno. Kila msimu tulipoteza zaidi ya uliotangulia. Mwenye Shamba alikuwa mfanyabiashara wa Tunduma, aliyehamia huko kutoka mkoa mwingine, Alhaji mpole ambaye utajiri wake wote ulitokana na malori ya mahindi. Kina mama watu wazima wa shambani aliwaita Bamayo, kama wanavyowaita mama zao ng'ambo ya mpaka anakouza. Siku moja alisimama katikati ya nyanya zilizolala, akatazama juu kwenye vyuma vya paa.

"Bamayo," akaniambia, "hili jengo lingekuwa ghala zuri la mahindi. Mahindi hayanyauki."

Hakuwa akitania. Ghala la mahindi linahitaji wapagazi, na wapagazi ni vijana wa kiume. Sisi kina mama, ambao tulikuwa karibu wafanyakazi wote wa vitalu vile, tungerudi majumbani kuwatazama wajukuu wakitutazama.

Ndipo alipokuja Mtaalamu. Alikuwa binti mwembamba aliyesomea magonjwa ya mimea. Alimwamkia kila mtu kabla ya kusema neno la kazi, na kwa hilo tulimpenda siku ileile. Alitukusanya, akatoa pakiti ndogo yenye unga wa kijani kibichi.

"Mama zangu, huu ni ukungu. Unaitwa trikoderma. Tutaufuga, tutaulisha, kisha tutaupeleka kwenye mizizi."

Mama Sekela, mwenzangu ambaye mdomo wake haukujua likizo, alimwuliza, "Mwanangu, ukungu ndio unaotuua. Unatuletea na ndugu yake?"

"Ndugu wabaya si lazima wawe na ukoo wote mbaya," Mtaalamu akajibu. "Huyu huwahi mzizi kabla ugonjwa haujafika. Akishakaa, mwingine hapati pa kukaa. Na akimkuta mbaya, humzungukia kama mharagwe unavyouzungukia mhindi, akamtoboa na kumla."

Kisha akatueleza jambo ambalo ndilo msingi wa kazi yote. Ukungu rafiki si dawa ya kuponya. Haufufui mzizi uliooza. Ni mlinzi, na mlinzi huwekwa langoni kabla ya mwizi. Miche haina budi kupandwa mizizi ikiwa imekwisha kuoga maji ya ukungu ule. Ukichelewa, umeajiri mlinzi nyumba ikiwa tupu.

Mwenye Shamba alisikiliza yote kwa adabu, akatoa uamuzi wake. "Nakupa kitalu cha pili, na msimu mmoja. Kikinyauka, vyote vinakuwa ghala."

Pakiti moja haikutosha kitalu kizima, kwa hiyo ilitubidi kuuzalisha. Mtaalamu aliomba kina mama wanaojua kushughulika na nafaka, na Msimamizi akatuelekezea sisi kidole, mimi na Mama Sekela, kwa sababu Mlowo nzima ilijua kwamba tulipika kimpumu. Kwa asiyejua, kimpumu ni pombe yetu ya ulezi, ambayo hunywewa ya moto kwa mirija kutoka chungu kimoja. Msingi wake ni kimea, yaani ulezi uliolowekwa na kufunikwa mpaka uote.

Kazi ya ukungu ilifanana na ile kwa mwanzo wake. Tulichemsha mtama mpaka uvimbe bila kupasuka, tukauchuja, tukautia katika mifuko isiyoyeyuka kwa moto. Mifuko tuliipika kwa mvuke ndani ya pipa ili kuua vijidudu vyote vilivyokuwamo. Ikipoa, Mtaalamu alitia mbegu ya ukungu kwa mkono uliosafishwa kwa spiriti, kisha akaziba mdomo wa mfuko kwa pamba. Mtama hugeuka mweupe kama uliomwagiwa unga, halafu kijani. Hapo huoshwa katika maji, maji yakachujwa, na maji hayo ndiyo hupewa mizizi.

"Hiki ni kimea, dada, usitufiche," Mama Sekela alimwambia. "Chungu tunatenga lini?"

"Atakayekinywa nitampanda kwenye mfuko," akajibu Mtaalamu, na tulicheka mpaka Msimamizi akaja kuchungulia kama kuna msiba.

Mifuko yetu ya kwanza ilipotiwa mbegu, Mtaalamu alisafiri kwenda Mbeya kufuata vifaa. Mimi nilikuwa Isansa kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu. Ulikuwa wakati wa baridi, ile baridi ya Mbozi inayomfanya jogoo afikiri kabla ya kuwika. Mama Sekela alibaki na chumba cha mifuko peke yake, na alipoigusa mifuko akaikuta ya baridi, moyo wake ukamwambia kile ambacho moyo wa mpika kimpumu yeyote ungemwambia. Alikata majani ya migomba, akaitandika mifuko juu yake, akaifunika gubigubi. Na kwa kuwa kimea kisipopumua huchacha, aliziondoa pamba zote.

Niliporudi nilikuta Mtaalamu amesimama mbele ya mifuko iliyofunuliwa. Kijani kilikuwapo hapa na pale. Kwingine kulikuwa na ukungu mweusi, wa rangi ya chungwa, na wa kijivu wenye manyoya kama panya. Jani la mgomba hubeba ukungu wake wenyewe, na mifuko ilikuwa imeachwa wazi.

"Niliifunika isione baridi," Mama Sekela alisema. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema kwa sauti ndogo.

Mtaalamu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilidhani atalia, lakini mabega yalipoanza kutikisika kilikuwa kicheko. "Mama, umeilea vizuri sana. Ila umekaribisha na majirani wote."

Kicheko kilikatika Msimamizi alipoingia. Miche ilikuwa tayari kupandwa, mnunuzi wa Tunduma alikwisha kuahidiwa nyanya, na Mwenye Shamba alikuwa njiani kuja kushuhudia upandaji. Msimamizi alitazama mifuko, akatazama mlango.

"Kijani kimo," alisema. "Tuoshe, tuchuje, tumwage. Nani atajua?"

"Mizizi itajua," alijibu Mtaalamu. "Siwezi kumimina nisichokijua ndani ya maji yanayozunguka kitalu kizima."

"Basi tupande bila huo ukungu wako, uje baadaye."

"Baadaye ndiyo ghala la mahindi, kaka."

Mwenye Shamba alipofika, Mtaalamu alianza kueleza, lakini Mama Sekela akamtangulia. Alipiga goti, akamsimulia kila kitu, baridi, migomba na pamba, bila kujitetea. Sisi wengine tuliyatazama maturubai. Alhaji akauliza, "Na hiyo pombe yenu, ukiifunika hivyo, huwa nzuri?"

"Nzuri sana, Alhaji. Ingawa wewe huinywi."

"Siinywi," akasema, na uso wake ukalegea. "Lakini aliyekosea kwa sababu anajua kazi atajifunza nyingine. Pikeni tena. Miche ikirefuka kupita kiasi, hilo ni lenu."

Miche ilirefuka. Tulipopika mara ya pili tulijiwekea sheria ambazo zilidumu miaka yangu yote pale. Aliyeshika kimea nyumbani haingii chumba cha ukungu mpaka ameoga na kubadili nguo zote, kwa kuwa vumbi la kimea lina chachu, na chachu haina adabu ya kusubiri kukaribishwa. Kichwa kifungwe. Mfuko ukiwa wazi, mdomo wako ufungwe. Mama Sekela aliacha kupika kimpumu kabisa, akaomba kazi ya kusimamia mlango, na sijapata kuona askari mkali kama yeye. Mtaalamu mwenyewe alirudishwa akanawe tena. Alhaji alipokuja kuchungulia, alikuta mkono umenyooshwa mbele yake.

"Shikamoo, Alhaji. Viatu."

"Marahaba. Mama, shamba ni langu."

"Shamba ni lako. Viatu vimetoka Tunduma."

Akavivua.

Safari hii mtama uligeuka kijani kitupu, sawasawa, kama shamba la ngano changa. Tuliiogesha miche katika maji yake. Kuhusu urefu wa mashina, Msimamizi ndiye aliyetuokoa, na ninataka hilo liandikwe wazi maana watu walizoea kumsema kwa sauti yake tu. Alisema kwao Mbebe mche wa nyanya uliorefuka hulazwa, shina likafukiwa, nalo huotesha mizizi mipya. Mtaalamu alikubali palepale, akasema mizizi zaidi ni makao zaidi kwa walinzi wetu. Tulilaza kitalu kizima, mche kwa mche, Msimamizi akitembea nyuma yetu akiimba nyimbo za kwao kwa sauti ileile ya ng'ombe.

Mvua zilipoanza, kisima kilichafuka, na ugonjwa ukaja kwa njia ya maji kama nilivyokwisha kueleza. Kitalu cha kwanza kilianza kulala saa za jua. Cha tatu kikafuata. Katika kitalu cha pili tuliingia kila adhuhuri kwa kunyata, kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto, na kila adhuhuri tuliyakuta majani yamesimama. Mama Sekela alitukataza kusifu kwa sauti.

Mwenye Shamba alisikia habari za vitalu viwili vilivyolala, akaja na fundi seremala kutoka Tunduma. Fundi alikuwa na futi ya kupimia. Hatukuhitaji kuambiwa alikuja kupima nini. Tulisimama mstari mmoja kando ya mfereji, vilemba vimefungwa, mikono mitupu, na nilikuwa nikifikiri nyumbani nitasema nini.

Walipita kitalu cha kwanza, fundi akapima. Walipita cha tatu, akapima. Kisha wakaingia cha pili. Alhaji alitazama majani yaliyosimama katika jua lilelile lililoilaza mimea ya vitalu vingine, na uso wake haukubadilika.

"Majani huongopa," alisema. "Nishawahi kufurahia majani. Ng'oeni mmoja."

Mtaalamu aligeuka akanitazama. "Mama Raheli, ng'oa."

Sikuchagua mzuri. Nilichukua uliokuwa karibu na mkono wangu, mwishoni mwa mfereji ambako maji machafu huishia, nikapasua mfuko ubavuni, nikauvuta na kuukung'uta. Alhaji aliinama. Alishika mzizi mmoja akauvuta kwa vidole, kama tulivyomfundisha zamani kuutambua ugonjwa. Ganda halikuvuka. Akavuta mwingine, na mwingine. Yote ilikuwa migumu, minene, myeupe.

"Myeupe kama nini hii?" akauliza taratibu, kana kwamba anajiuliza mwenyewe.

Mama Sekela alinyoosha mkono akanivua kilemba mbele ya watu wote, mvi zangu zikawa nje. "Kama kichwa cha huyu."

Alhaji alitazama mizizi, akanitazama mimi, akatazama mizizi tena, ndipo kicheko kilipomshika. Alicheka mpaka akashika nguzo. Fundi naye alicheka bila kujua chanzo, kisha akakumbuka kazi iliyomleta.

"Kwa hiyo, Mzee, ghala nianze na kitalu kipi?"

"Ghala nitajenga kwangu Tunduma," alisema Alhaji akijifuta macho. "Wewe nenda kwenye chumba chao cha ukungu, kapime meza. Na uvue viatu, mlangoni hapo pana mtu mbaya."

Tangu msimu ule vitalu vyote viliingia katika utaratibu wetu. Niliwekwa kuwa mkuu wa chumba cha ukungu, nikawafundisha mabinti wa Isansa, wa Mlowo na wa Mbebe, na wengine wao leo wanasimamia mashamba yao. Nisidanganye mtu kwamba ugonjwa ulikwisha. Kila msimu palikuwa na mimea iliyougua, nasi tuliing'oa mapema, tukasafisha mipira, tukachuja maji, tukaosha masinia. Mlinzi hafanyi kazi katika nyumba chafu. Atakayekuambia ukungu rafiki peke yake unatosha, anakuuzia pakiti.

Nilistaafu miguu ilipokataa kusimama siku nzima. Sikuhuzunika. Nimekula jasho langu mpaka mwisho, wajukuu wamekua, na mashamba yale bado yanatoa nyanya. Watu hunihurumia kwamba sikusoma. Nami nawajibu kwamba nilifundishwa vizuri nilipokuwa mtu mzima, na binti aliyekubali kukaa juu ya ndoo na kucheka badala ya kumfukuza mwenzangu. Ukimpata mkubwa wa kazi wa namna hiyo, mtumikie.

Sasa wewe, Tumaini, sikiliza cha kuhifadhi. Koti langu jeupe la kazi lifue, likunje, na lisivaliwe jikoni na mtu yeyote. Kisu cha kupasulia mifuko mpe dada yako, ndiye mwenye mkono mtulivu. Picha ya siku ya kuniaga unaweza kuigawa, nimefumba macho. Hifadhi desturi ya kung'oa mmoja: kabla hujasifu chochote kilichosimama, iwe shamba, nyumba au mchumba, tazama kwanza kilichomo chini. Na kila unachokipenda, kiwekee mlinzi mapema, kingali kizima.

Ukimaliza kuandika, nenda kamsomee Mama Sekela sehemu yake. Atasema pamba hakuzitoa zote. Mwache aseme, unywe uji wake, umshukuru. Lakini usifute.